Msichana Niliyemshusha kwenye Gari la Moshi

Kariakoo, alasiri

Mwanangu Mwajuma,

Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Karatasi hizi nilizinunua tangu mwezi wa Rajabu, zikakaa chini ya godoro mpaka zikashika umbo la mgongo wangu, na kila siku nilijiambia kesho. Sasa kesho ndiyo siku yenyewe ya safari yako, na mimi ndiyo kwanza nachonga penseli. Neno lenyewe lilikuwa la dakika tano tu, la kusemwa uani tukichambua mchele. Sikulisema. Nikaliacha likakua peke yake mpaka limekuwa barua.

Umekwenda kuaga. Najua utakavyozunguka, kuanzia kwa mama Sikujua hapa jirani mpaka kwa babu zako mtaa wa Gerezani, na huwezi kuruka nyumba hata moja, kila mtu akushike kichwa akuombee, kila mtu akulishe hata kama umeshiba. Hutarudi kabla ya magharibi. Baba yako yuko bandarini, meli imeingia. Mdogo wako Saidi amelala mapajani mwangu, jasho lake limeilowesha kanga yangu, na mkono ulio huru ni mmoja. Ukiona mistari inapanda mlima, usicheke. Nimeamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua, na macho yangu sasa yanaona kila kitu kama kiko nyuma ya chandarua.

Sitakuandikia habari za kufua, wala za kula, wala za kuswali kwa wakati. Hayo unayajua, na usiyoyajua utayajua kwa aibu, kama sisi sote. Nataka kukuambia habari ya yule msichana wa ng'ambo ya mto.

Unakumbuka Ijumaa nilipokuwa nakusuka? Ulikaa kwenye mkeka, kichwa katikati ya magoti yangu, ukauliza, "Mama, nikifika huko nikaona sipawezi, nitafanyaje?"

"Utapaweza."

"Na nisipopaweza?" Ukacheka. "Basi nitashuka Morogoro nirudi zangu. Kama yule msichana wako wa sinema. Si alishuka, mama, wakampigia vigelegele?"

Nikakuvuta nywele mpaka ukapiga kelele. "Aa! Mama, unanikomoa?"

Nikasema kichana kimeteleza. Hakikuteleza, mwanangu. Mkono ulishtuka.

Kwa sababu ulicheka, lakini mimi nakujua kicheko chako. Kile hakikuwa cha mzaha. Ulikuwa umeshapanga. Na jioni yake nikakusikia ukiwasimulia wadogo zako hadithi ile ile, kwa maneno yangu mwenyewe, na penye kushuka ukatua, kama mimi ninavyotua, ili wao waulize, "Halafu?" Nikasimama mlangoni na sinia mkononi nikashindwa kuingia.

Mwajuma, yule msichana hakushuka. Mimi ndiye niliyemshusha.

Nilikuwa mdogo kuliko wewe kwa mwaka mmoja. Nilikuwa mwali, nimewekwa ndani, kama ilivyokuwa kwa kila msichana wa mtaa huu akivunja ungo. Huoni jua ila la uani, husikii barabara ila kwa masikio. Nilimjua muuza maji kwa mlio wa madebe yake, na muuza kahawa kwa vikombe. Siku zilikuwa ndefu na laini, zimefanana. Usingizi na kuamka vilikuwa vinapakana hata mpaka hauonekani. Wakati mwingine nilikuwa nasikia sauti ya mama jikoni nisijue kama naiota.

Na Jumatano mchana, katika sinema ya upande wa Uhindini, palikuwa na onyesho la wanawake peke yao. Mwanamume haingii, isipokuwa mwendesha mashine, naye tuliambiwa ni mzee asiyeona vizuri. Sijui picha aliilenga vipi ukutani, lakini tuliamini.

Mwali hatoki. Lakini shangazi yangu, marehemu Bi Kidawa, alikuwa na ugonjwa wa sinema, na hakupenda kuugua peke yake. Jumatano moja baba yangu alipokwisha kwenda kazini, Bi Kidawa akanitupia buibui kuukuu la bibi yangu, linanuka karafuu, akaniambia, "Jifunike. Inama. Tembea kama magoti yanakuuma. Tukikutana na mtu, kohoa."

"Na akinisalimia?"

"Kohoa zaidi."

Basi nikavuka mji wa Dar es Salaam kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu, nikiwa ajuza. Vijana wawili penye kona wakanipa shikamoo. Nikakohoa. Bi Kidawa akajibu kwa niaba yangu, "Marahaba, wanangu, mwombeeni, kifua hiki kitamuua," na mimi ndani ya buibui nauma kidole nisicheke.

Laiti ungeuona ukumbi ule. Mabuibui upande huu, sari upande ule, kisha katikati yamechanganyika, maana kila mtu alikuwa na jirani yake. Watoto wanalia, bajia zinapita mkono kwa mkono kutoka kwa mtu usiyemjua kwenda kwa mtu usiyemjua. Mama mmoja alisimama mbele yetu, na sauti ikatoka nyuma: "Wewe uliyesimama, umekuwa mlingoti wa bendera?" Naye, bila kugeuka: "Mlingoti mumeo! Ngoja nimfunge mtoto nepi." Ukumbi mzima ukacheka. Halafu taa zikazimika, na ule mwanga ukapita juu ya vichwa vyetu, vumbi likiogelea ndani yake. Mimi nilikuwa sijaitazama picha bado. Nilikuwa nalitazama vumbi. Nikawaza, hata vumbi likipata mwanga linacheza.

Maneno yalikuwa ya Kihindi. Aliyetufasiria ni Kanta, binti wa mwenye duka la kona yetu, rika langu, aliyezaliwa hapa hapa Kariakoo na ambaye kwa kutukana kwa Kiswahili alinishinda mbali. Alikaa katikati yetu, akala bajia zetu kama ujira. "Anasema anataka kusoma," alituambia. "Mama yake anasema bangili hazijiuzi. Huyu mwenye masharubu ni mjomba, msimwamini. Sasa wataimba, nyamazeni."

Picha ilikuwa ya msichana mmoja ng'ambo ya mto, binti wa mama muuza bangili. Hapakuwa na jambazi wala mfalme. Palikuwa na msichana anayekua, basi. Asubuhi moja anataka kuvua bangili yake ya utotoni, haitoki. Mkono umekua. Anaupaka mafuta, anavuta, anavuta, mwisho inavunjika, naye anakaa na vipande kiganjani hajui alie au acheke. Kisha anakwenda mtoni, anajitazama majini, anasema neno moja, na Kanta akanong'ona, "Anajiuliza: wewe ni nani?"

Nilisikia baridi, mchana wa joto vile. Miezi mitatu nilikuwa nafundishwa jinsi ya kukaa, jinsi ya kupita mbele ya wakubwa, jinsi ya kukunja kanga za watu. Mafunzo mazuri, siyadharau, na wewe nimekupa mengi katika hayo. Lakini hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Msichana wa ukutani, asiyejua hata neno la lugha yangu, ndiye aliyeniuliza.

Basi mwalimu wa kijiji anamtafutia nafasi ya kusoma mjini. Mjomba anakataa, mama anakubali. Wanafika stesheni. Msichana amepanda, mkono wake uko nje ya dirisha, ameshika shali ya mama yake. Filimbi inalia.

Taa zikawaka. Mapumziko.

"Haya, bibi," akasema Bi Kidawa. "Kohoa twende."

Ilikuwa lazima. Baba yangu akishaswali alasiri hukaa barazani na wenzake, na kahawa yao, mpaka magharibi. Akikaa pale, hakuna ajuza wala kikohozi kitakachopita mlango ule. Kwa hiyo sisi picha zote tulizitoka katikati. Nusu ya pili ya kila picha sikuijua. Na Kanta, ambaye angenisimulia, mwezi ule ule akaozwa Mwanza.

Sasa sikia kosa langu.

Tulikuwa wanawali watano kwenye mtaa, na siku za kufundwa tulikusanywa nyumba moja. Wenzangu wanne walikuwa hawana shangazi mwenye ugonjwa. Nikawasimulia. Niliwapa kila kitu, mto, bangili, mjomba na masharubu yake, na walikaa mbele yangu midomo wazi. Nilipofika penye filimbi nikanyamaza.

"Halafu?" wakauliza.

Ningesema, sijui, nilitoka. Maneno mawili tu. Lakini tangu nizaliwe hakuna watu wanne waliowahi kunitazama vile, na niliona haya kuwaambia kwamba nilikuwa na nusu. Nikafumba macho nitafute msichana yule anakwenda wapi. Sikuona kitu. Akili yangu ilikuwa haijawahi kuvuka stesheni. Nilichokiona ni nyuma tu, uani, jiko, mama. Basi nikamrudisha huko.

"Akashuka," nikasema. "Gari likaanza kwenda, yeye akaruka, akamkumbatia mama yake, na kijiji kizima kikampigia vigelegele."

Walilia wote wanne. Mmoja aliniomba nisimulie tena penye kushuka tu.

Habari zikawafikia wakubwa, na wakubwa wakaupenda ule mwisho kuliko sisi. Bi Kidawa peke yake ndiye aliyenivuta sikio uani. "Wewe, tulitoka pamoja. Mwisho umeupata wapi?"

"Nimeuota, shangazi."

Akanitazama sana. "Umeota vizuri. Usiote mwingine."

Nami nikatii. Nilisimulia mara nyingi hata nikasahau kwamba ni wangu. Nilimwona anaruka, nilimwona na vumbi miguuni. Ungeniapisha, ningeapa.

Yaliyofuata huyajui, na baba yako pia hajui yote. Baada ya miaka miwili nesi mmoja wa kliniki ya wazazi alikuwa anatafuta wasichana wanaojua kusoma, wapelekwe hospitali moja ya bara wakajifunze ukunga. Mimi nilikuwa na darasa langu la nne. Baba yangu, yule wa barazani, ambaye kila mtu alidhani atakataa, alijikuna ndevu akasema, "Aende." Sikuamini. Mama alinifungia kanga mbili na mkate wa kumimina. Tulipanda wasichana sita.

Mwajuma, mimi nilifika Pugu, nje tu ya mji.

Gari lilisimama pale kidogo. Palikuwa na harufu ya msitu uliolowana na mama mmoja anauza machungwa. Hakuna aliyenifanyia ubaya. Hakuna aliyenikatisha tamaa. Nilihisi tu woga wa kawaida, ule unaompata kila mtu, na wenzangu watano nao walikuwa nao, niliuona machoni mwao. Lakini wao hawakuwa na hadithi. Mimi nilikuwa nayo. Nilijua kabisa msichana akifika hapa anafanya nini. Nikachukua kifurushi changu nikashuka, nikashuka vizuri, kama mtu aliyefanya mazoezi, na hata mkono niliwapungia.

Nilirudi juu ya lori la mkaa. Na vigelegele nilivipata! Bi Kidawa alivipiga kutoka uani mpaka barabarani. "Mnaona? Mnaona? Kama kwenye picha!" Mama alilia kwa furaha, akachinja kuku. Nilikaa katikati ya wanawake, nimetiwa masizi ya mkaa usoni kama bwana harusi wa vichekesho, na nilikuwa na furaha. Sitakudanganya. Siku ile nilikuwa na furaha.

Baba yangu alikaa barazani peke yake mpaka isha. Alipoingia akanikuta nasugua sufuria, akasimama, akaniuliza, "Umekula?" Nikasema nimekula. Akasema, "Haya," akaenda kulala. Kwa miaka mingi nilidhani aliniuliza habari ya chakula.

Miezi minne baadaye nikaolewa na baba yako. Usije ukadhani najuta kuolewa naye. Baba yako anarudi na mgongo uliopondwa na magunia na bado anamwinua Saidi juu ya kichwa ili mtoto acheke. Na kama ningefika nilikokuwa nakwenda, labda wewe usingekuwa wewe, na hilo siwezi kulitamani hata nikichoka vipi. Sijutii nilipofika. Najutia kwamba sikuchagua. Nilifuata mwisho nilioutunga nikiwa na miaka kumi na minne, ili tu wenzangu wasijue kwamba nilitoka katikati.

Unamkumbuka mkunga aliyenizalisha Saidi, yule mwenye kovu dogo kidevuni, uliyempelekea chai? Tulipanda gari moja siku ile. Alikaa mkabala nami, analamba vidole vya chungwa. Hakunikumbuka. Alinishika goti akasema, "Sukuma, dada, unaweza," na mimi katikati ya uchungu nikautazama ule mkono, jinsi unavyojua unachokifanya, nikautamani. Nilikuwa nautamani kuliko nilivyokuwa natamani maumivu yaishe.

Na kosa langu kwako ni hili. Nilikunyonyesha ile hadithi. Kila ulipoogopa, nilikupa. Ulipokuwa na miaka tisa tukakupeleka Kisarawe kwa watu wa baba yako ukae likizo, ukalia siku mbili wakakurudisha, nilifanya nini? Nilikuchinjia kuku. Nilikubeba mgongoni na ulikuwa mzito. Baba yako akasema, "Mama Mwajuma, hivi tunampongeza kwa lipi?" Nikamkasirikia siku nzima. Sasa ndiyo namjibu: tulikuwa tunakupongeza kwa kunifanana.

Mwezi wa Rajabu nilikuwa sokoni nachagua bamia, mtu akanifumba macho kwa nyuma. Mikono ina harufu ya sandali. "Ajuza," sauti ikasema, "kifua kimepona?"

Kanta! Amenenepa, ana mvi mbili tatu, anakaa Upanga sasa na wanawe wanne. Tulicheka mpaka muuza bamia akatuomba tupishe wateja. Kisha akasema, "Ile picha yetu imerudi. Jumatano. Twende tukajione tulivyokuwa."

Nilimwachia mama Sikujua mtoto, nikaenda kwa buibui langu mwenyewe, nimenyooka. Picha imezeeka, imejaa mikwaruzo, kama inanyesha mvua ndani yake toka mwanzo mpaka mwisho. Bangili ikavunjika. Msichana akajiuliza majini. Mkono ukashika shali, filimbi ikalia, taa zikawaka, na mimi, wallahi, nikasimama. Miguu ilisimama yenyewe.

"Unakwenda wapi wewe?" akasema Kanta. "Kaa, ndiyo kwanza inanoga."

"Si ameshashuka?"

"Nani kashuka?" Akanitazama kama mtu anayemtazama mwenye homa. "Nani alikwambia ameshuka?"

Nikakaa. Na nikaona, mwanangu, nikiwa na miaka thelathini na tatu, nilichokuwa nimekitoka.

Gari linaanza kwenda. Msichana haachii shali. Analia, anavuta, anataka kushuka kweli, mguu mmoja uko mlangoni. Kwa hiyo sikuwa nimekosea kuhusu yeye. Nilikosea kuhusu mama. Mama anatembea sambamba na gari, anazidisha mwendo, na huku anatembea anamfungua binti yake vidole. Kimoja. Kingine. Kwa upole, kama mtu anayemchukua mtoto aliyelala kutoka titini. Kidole cha mwisho kikiachia, anaurudisha ule mkono ndani ya dirisha na kuusukuma kidogo, hivi, kama unavyosukuma mlango usibane kidole cha mtu. Kisha anasimama. Hapungi mkono. Anarekebisha shali yake iliyovutwa, na gari linapita, linapita, mwanga na kivuli juu ya uso wake, mpaka linaisha.

Baada ya hapo mambo hayakuwa matamu. Mjini wanamcheka anavyosema. Anafeli mtihani wa kwanza. Usiku anajifunika shuka akajifanya amelala. Anakuwa na rafiki mwongo, anagombana naye, anapata mwingine. Anamwona mvulana fulani akampoteza, na Kanta akalia hapo kuliko msichana mwenyewe. Siku moja anapita penye kioo cha duka, anasimama, anajitazama, na hajiulizi kitu. Anajirekebishia nywele tu, anaendelea na njia yake. Nilidhani nimekosa maneno, nikamwuliza Kanta amesema nini. "Hajasema," Kanta akanijibu. "Anajua."

Nilitembea kurudi Kariakoo kwa miguu. Jua lilikuwa linashuka, mtaa wote umekuwa rangi ya samli, na watu walipita mbele yangu polepole kama wako kwenye pazia. Nikawaza, leo nikifika namwambia Mwajuma. Nikafika ukanipokea kikapu ukaniambia jina lako limetoka, umechaguliwa shule ya bweni, na unaruka, na machozi yanakutoka, na mimi nikasema moyoni, ngoja, nisimharibie. Hapo ndipo nilipoanza kusema kesho.

Sasa nakwambia la mwisho, halafu nimlaze huyu mtoto, mguu wangu umekufa ganzi.

Utaogopa. Nakuhakikishia. Hofu itakuja labda Ruvu, labda Kilosa, labda usiku wa pili bwenini wenzako wakiwa wamelala. Na itakuletea hadithi: msichana akifika hapa hushuka. Ujue hadithi hiyo haikutoka kwa Mungu wala kwa wazee. Ilitungwa na mwali mmoja mwenye haya, uani, kwa sababu alitoka sinema mapema.

Mimi sikwambii kwamba kurudi ni dhambi. Ukionewa, ukiugua, ukiona baya la kweli, andika, na baba yako atakuja hata kwa kudandia behewa la ng'ombe. Lakini ukirudi, urudi kwa sababu umeiona nusu ya pili kwa macho yako ukaikataa. Usirudi kwa sababu ya mwisho wangu. Ukirudi kwa huo, mlango utaukuta wazi na chakula utakula. Kuku sichinji.

Na kesho stesheni, kama utanishika kanga, nitafanya alivyofanya yule mama. Nimejizoeza kwa vidole vya Saidi. Usije ukadhani sikupendi. Sitapunga mkono, kwa kuwa sitauamini.

Barua hii nitaiweka kikapuni, juu ya vitumbua. Njaa yako naijua, hufiki Ruvu hujaifumania. Morogoro bado iko mbele. Isome kwanza, kisha ule.

Radhi zangu unazo zote, sikubakiza hata ya akiba. Baba yako naye amekupa zake, ila ataona haya kuzisema mbele ya makuli wenzake, hivyo nakusemea mimi.

Ninavyovihitaji kutoka kwako ni hivi, na nitavisubiri. Nitumie kwanza kikapu, kwa mtu yeyote anayekuja pwani, si changu, ni cha mama Sikujua, na ameshaniuliza mara mbili. Nitumie jina la msichana anayelala kitanda cha kuliani kwako na jina la mama yake, niwaombee pamoja na wewe. Nitumie kipimo cha dirisha lililo karibu na kitanda chako, kwa shibiri za mkono wako mwenyewe, nikushonee pazia. Nitumie nyayo zako, zote mbili, zichore kwenye karatasi ukiwa umesimama, usikae, kwa kuwa mguu hutanuka ukibeba mtu. Na nitumie uzi wa urefu wako, tangu kisigino mpaka utosini, nikukatie gauni la Idi. Usiukate ukifika. Ukate muhula ukiisha.

Mama yako